Upepo Juu ya Gumegume

Alfajiri ya mwezi wa Aprili, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Flint Hills katika jimbo la Kansas, ndege fulani wa jamii ya kwale hukusanyika juu ya kilima chenye nyasi fupi na kuanza ngoma. Wamarekani humwita kuku wa mbuga. Dume huinamisha kichwa, husimamisha manyoya ya shingo mfano wa pembe, hujaza hewa vifuko vya rangi ya chungwa vilivyo ubavuni mwa shingo, kisha hutoa mvumo mzito kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Miguu inakanyaga ardhi kwa kasi hadi vumbi linatimka. Majike hupita pembeni wakichagua. Kiwanja hicho hutumika mwaka baada ya mwaka, nacho huwa mahali pa wazi, pa juu, pasipo mti wala kichaka cha kumficha adui.

Mhandisi wa umeme wa upepo akitafuta mahali pa kusimika mnara wake, kilima hichohicho ndicho atakachokichagua.

Mbuga hii imesalia kwa sababu ya mawe. Chini ya nyasi kuna udongo mchache, na chini ya udongo kuna matabaka ya chokaa yenye gumegume, mawe makali yanayovunja makali ya plau. Kwingineko plau ilishinda. Mwaka 1837 John Deere, mhunzi wa Illinois, alitengeneza plau ya chuma kilichong’arishwa iliyoweza kupasua udongo mweusi wenye kunata, na ndani ya vizazi vichache mbuga ya nyasi ndefu iliyokuwa imetanda kutoka Kanada hadi Texas, takriban ekari milioni 170, ikageuzwa mashamba ya mahindi, soya na ngano. Leo imebaki chini ya asilimia 4. Katika jimbo la Iowa imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu, vipande vilivyosahaulika makaburini na kandokando ya reli. Sehemu kubwa ya kile kilichosalia iko Flint Hills, ukanda unaoshuka Kansas mashariki hadi Oklahoma, ambako huitwa vilima vya Osage.

Kwa zaidi ya miaka 20 watu wa ukanda huo wamekuwa wakibishana kuhusu mitambo ya upepo. Mjadala unaofuata umewekwa jikoni kwa mfugaji mmoja, na wanaozungumza hawana majina, maana si watu fulani. Ni sauti zilizokusanywa kutokana na hoja zinazogongana huko. Mambo wanayoyataja ndiyo ya kweli. Siku yenyewe ni ya kuchoma nyasi, kama wafugaji wa huko wafanyavyo kila masika, lakini upepo ni mkali mno. Moto ukiwashwa leo utamkimbia mwenyewe. Ndiyo maana mwenyeji ana nafasi ya kukaa na wageni.

Mhandisi, binti aliyetoka Wichita, ndiye aliyeanza.

“Mzee, sikuja kuharibu,” alisema. “Watetezi wa ndege wenyewe, chama cha Audubon, walichunguza aina 604 za ndege wa Amerika Kaskazini, na mwaka 2019 wakasema 389 kati ya hizo ziko hatarini joto la dunia likiendelea kupanda. Tukimkinga kuku wako na mnara wangu, kisha ukame ukammaliza, tutakuwa tumemkinga na nini? Kansas hii zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake unatoka kwenye upepo. Huo ni makaa ya mawe ambayo hayakuchomwa.”

Mtaalamu wa ndege, mama wa makamo aliyevaa buti za matope, alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa akikataa.

“Hilo la joto sina ubishi nalo, binti. Lakini mwaka huohuo wa 2019 jarida la Science lilitoa hesabu nyingine. Tangu mwaka 1970 ndege wa mbugani katika bara hili wamepungua kwa asilimia 53. Ni zaidi ya ndege milioni 700. Hakuna kundi lingine la ndege wa nchi kavu lililopoteza kiasi hicho. Wengi wao hawakugongwa na kitu chochote. Walirudi kutoka kusini wakakuta pa kutagia hapapo.”

“Basi mnara wangu hauna kosa.”

“Mnara wako unaweza kufanya kilekile kilichofanywa na plau: kupafanya mahali pasiwe pa kutagia, ijapokuwa nyasi zipo.”

Akaeleza utafiti uliofanywa North Dakota na South Dakota kwa miaka 10, kuanzia 2003 hadi 2012. Watafiti walihesabu ndege kabla mitambo haijasimikwa na baada yake, kisha wakalinganisha na mbuga za jirani zisizo na mitambo. Kati ya aina 9 walizozifuatilia, 7 zilisogea mbali. Baadhi zilianza kukwepa mapema, baadhi zilichukua miaka kadhaa, na hazikurudi. Umbali unaokwepwa ulifika mita 300 na zaidi kutoka kwenye mnara. Mhandisi akisema kwamba mradi wake unachimba asilimia chache tu za ardhi, yuko sahihi kwa kipimo cha tingatinga. Kwa kipimo cha shomoro wa nyasini, anayeona mnara, barabara ya changarawe na kivuli kinachozunguka, ardhi iliyochukuliwa ni kubwa zaidi.

Binti hakukosa jibu. Alikuwa ameusoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas uliofanywa karibu na mji wa Concordia, kaskazini ya jimbo, ambako mitambo 67 ilisimikwa mwaka 2008. Watafiti waliwafunga majike ya kuku wa mbuga vifaa vya redio, wakawafuatilia miaka kadhaa kabla na baada ya mradi. Walitarajia kuona viota vikiharibika. Havikuharibika kuliko kawaida, na majike walinusurika kwa kiwango cha juu zaidi baada ya mitambo kuwekwa kuliko kabla.

“Umesoma nusu,” mama akamjibu kwa upole. “Nusu nyingine ni ya viwanja vya ngoma. Vilivyokuwa ndani ya kilomita 8 za mitambo vilihamwa kwa wingi kuliko vya mbali. Jike aliye hai bila kiwanja cha kumpata dume, tumtazame miaka 20 ijayo, si mitatu.”

Utafiti mmoja, wasomaji wawili, na hakuna kati yao anayedanganya. Wanaobishana hadharani huchukua nusu inayowafaa na kuitupa nyingine, na hapo ndipo wakulima na madiwani wa wilaya, ambao ndio hupiga kura ya mwisho, wanapoachwa wakiamini kwamba wataalamu hawajui lolote. Wanajua mengi. Wanajua kwamba madhara hutofautiana kati ya ndege na ndege, na kati ya kilima na kilima, ndiyo maana swali la mahali lina uzito kuliko swali la idadi ya minara.

Mwenye nyumba alikuwa kimya muda wote huo, akitazama miti ya nje kuona kama imeacha kuyumba. Kisha akasema yake.

“Nyote mnazungumza kama kwamba ardhi hii haina mtu. Jirani yangu wa wilaya ya Butler, kwenye mradi wa Elk River, alipata mitambo mwaka 2005. Minara 100 kwenye vilima kama hivi. Kila mwaka wenye ardhi wanalipwa maelfu ya dola kwa kila mnara, bei ya ndama ipande au ishuke. Mimi nimo ndani ya mstari wa gavana. Silipwi na wenye upepo, silipwi na wenye ndege.”

Mstari anaoutaja una historia. Mwaka 2004 Gavana Kathleen Sebelius, wa chama cha Democratic, alizitaka kampuni za upepo zijizuie kujenga katikati ya Flint Hills. Mwaka 2011 Gavana Sam Brownback, wa chama cha Republican, aliupanua mstari huo badala ya kuufuta. Haikuwa sheria ya bunge. Ni makubaliano kati ya serikali na kampuni, na kwa sehemu kubwa yameheshimiwa. Wilaya ya Wabaunsee ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 ilipiga marufuku mashamba makubwa ya upepo. Wenye ardhi waliokwishasaini mikataba walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Kansas ikaamua kwamba wilaya ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, ikiwemo haki ya kulinda sura ya nchi yake.

“Sura ya nchi,” mzee alirudia. “Ni nzuri, naipenda, babu yangu kazikwa humu. Lakini sura hailipi kodi ya ardhi. Na niwaambie, adui yangu mkubwa si mnara wala si serikali. Ni ule.”

Alionyesha dirishani. Kwenye bonde la jirani, ambako mwenye shamba anaishi mjini na hajachoma nyasi kwa miaka, mierezi ilikuwa imesimama kama jeshi, kijani iliyokolea juu ya nyasi za kahawia. Ni mti wa huko huko, lakini zamani moto uliuweka makorongoni. Moto ukikoma miaka kumi, mche unakuwa mti. Ikipita thelathini, mbuga imekuwa kichaka, na kuku wa mbuga hakanyagi tena. Mwerezi hauhitaji mkataba wala kibali.

“Mfugaji akishindwa kulipa madeni anauza,” mzee aliendelea. “Anayenunua anagawa viwanja vya nyumba, au anaiacha tu. Hachomi. Sasa mama, niambie: ndege wako wanaona lipi bora, mnara mmoja na mfugaji anayechoma nyasi, au mierezi?”

Mama hakuwa na jibu la haraka, na ni heshima kwake kwamba hakulitafuta la uongo. Ukanda huu hauwezi kulindwa na watu wasioishi humo. Mbuga ya nyasi ndefu si jangwa wala msitu wa kuzungushia uzio na kuondoka. Inahitaji moto na malisho, kazi zilizofanywa zamani na Wakansa na Waosage, wenyeji wa asili wa huko, waliowasha nyasi na nyati waliozila, na sasa zinafanywa na mfugaji na maksai wake. Hifadhi inayomfilisi mfugaji inajikata mizizi. Na mizizi ndiyo mali yenyewe: shina-buluu, nyasi kubwa ya huku, hupita kimo cha mtu mwishoni mwa kiangazi, na mizizi yake huweza kushuka mita 3 ardhini, ikiwa imehifadhi kaboni ya karne nyingi. Udongo ukipinduliwa, mkulima anaweza kupanda mbegu za asili tena na kupata nyasi. Mkusanyiko wa mamia ya mimea, wadudu na kuvu wa chini ya ardhi haurudi kwa umri wa mwanadamu mmoja.

Hapa inafaa jambo moja lisemwe wazi, maana katika mabishano ya minara hupotea. Nishati jadidifu iliyokula mbuga nyingi kuliko zote nchini Marekani ni ethanoli ya mahindi. Sheria za mwaka 2005 na 2007 zililazimisha petroli ichanganywe na mafuta yatokanayo na mimea, bei ya mahindi ikapanda, na plau zikarudi mahali zilipokuwa zimeachwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima picha za setilaiti wakakuta kwamba kati ya 2008 na 2012 ekari milioni 7.3 ziligeuzwa mashamba, na asilimia 77 ya mashamba hayo mapya ilitoka kwenye nyasi. Baadhi ilikuwa ardhi iliyopumzishwa, na baadhi ilikuwa mbuga ambayo haijawahi kuguswa na plau. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huishia kwenye viwanda vya ethanoli. Ekari moja ya paneli za jua huzalisha nishati mara nyingi zaidi ya ekari moja ya mahindi ya mafuta. Anayelia kwa ajili ya mbuga akiutazama mnara peke yake, huku akinyamazia tangi la gari, bado hajaanza kuhesabu.

Mhandisi aliposikia hoja ya ethanoli aliisogelea meza. “Basi tuko pamoja. Nipeni mashamba ya mahindi.”

“Chukua,” alisema mama. “Hata leo.”

Na hapo kwa mara ya kwanza jikoni mle palikuwa na kicheko. Kwa maana Iowa imekwishafanya hivyo. Jimbo hilo lililopoteza karibu mbuga yake yote linapata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka kwenye upepo, na minara imesimama katikati ya mahindi ambako hakuna kiwanja cha ngoma cha kuvuruga. Mkulima analima hadi kwenye kitako cha mnara na analipwa kodi ya upepo juu ya mavuno. Kansas nayo ilianzia magharibi: mradi wake mkubwa wa kwanza, wa wilaya ya Gray, uliwashwa mwaka 2001 kwenye nchi tambarare iliyolimwa zamani. Mwaka 2019 shirika la The Nature Conservancy lilichora ramani ya majimbo 17 ya katikati ya nchi, likaondoa mbuga ambazo hazijavurugwa, njia za ndege aina ya korongo, mapango ya popo na makazi ya kuku wa mbuga. Ardhi iliyobaki ingeweza kubeba zaidi ya gigawati 1,000 za upepo. Mwisho wa mwaka huo Marekani nzima ilikuwa na takriban gigawati 105. Nafasi ipo, mara kumi.

“Kwa nini basi mnakuja huku?” mzee alimuuliza binti.

“Kwa sababu ya nyaya,” alijibu bila kuficha. “Flint Hills iko karibu na Wichita na Kansas City. Njia za umeme mkubwa tayari zinapita. Kule magharibi upepo ni mkali zaidi, lakini umeme wake unakwama njiani. Kila mwenye ardhi anayekataa nguzo ng’ambo ananisukuma kwenye kilima chako.”

Hoja hiyo inastahili kupewa uzito kuliko inavyopewa. Watu wengi wanaotia saini kuilinda mbuga hawajui kwamba njia ya umeme inayopingwa katika jimbo jirani ni sehemu ya ulinzi huohuo. Na umeme wa jua nao unaweza kupunguza msukumo wa kuingia mbugani. Huko Minnesota kusini watafiti wa maabara za serikali walipanda nyasi na maua ya asili chini ya paneli, kwenye ardhi iliyokuwa imelimwa, wakafuatilia kuanzia 2018 hadi 2022. Wadudu kwa jumla waliongezeka mara tatu. Nyuki wa asili mara 20. Mbuga halisi haitengenezwi hivyo, ila shamba lililochoka linapata uhai, na hilo si dogo.

Mgeni wa nne alikuwa amekaa pembeni, wakili aliyevuka mpaka asubuhi ile kutoka Pawhuska, makao makuu ya Taifa la Osage. Alisubiri wengine wamalize, kama watu wa kwao wanavyofunzwa.

“Mnagawana vilima kwenye ramani,” alisema. “Hebu niwakumbushe vilikotoka. Vilima hivi vilikuwa vyetu na vya ndugu zetu Wakansa. Tulipoondolewa, tukanunua ardhi yetu Oklahoma kwa fedha yetu wenyewe, mwaka 1872. Mwaka 1906 sheria ikasema ardhi ya juu inaweza kugawanywa, lakini kila kilicho chini, mafuta, gesi na mawe, ni cha taifa zima. Kisha kampuni ikaja na minara 84. Ikachimba mashimo ya mita 3 kwenda chini, ikavunja mawe yetu na kuyarudisha kuishikilia misingi. Haikutuomba ruhusa.”

Kesi hiyo ilidumu miaka. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 iliamua kwamba kuchimba na kusaga mawe kwa namna ile ni uchimbaji wa madini, na unahitaji kibali. Desemba 2023 jaji wa shirikisho akaamuru minara yote ing’olewe. Kampuni ikakata rufaa.

“Wengine walituita maadui wa mazingira,” wakili aliendelea. “Sisi tuliowasha moto wa masika hapa kabla neno mazingira halijatungwa. Hatukatai upepo. Tunakataa kuulizwa mwisho.”

Binti wa Wichita alitazama mikono yake. “Aliyewauliza mwisho alifanya kosa,” alisema. “Na kosa lile limetugharimu sisi sote tunaokuja nyuma.”

Lilibaki swali la mzee, nalo halikuwa limejibiwa: nani amlipe anayelinda? Mama alilirudia mwenyewe. Tangu mwaka 2011 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ina mpango wa Flint Hills wa kununua kutoka kwa wafugaji, kwa hiari yao, haki ya kujenga na kulima, huku ardhi ikibaki yao pamoja na ng’ombe na moto wake. Lengo ni hadi ekari milioni 1.1. Mfugaji hupata fedha mara moja, na hati humfunga hata atakayenunua baada yake.

“Mara moja,” mzee alisema. “Mnara unalipa kila mwaka.”

“Ndiyo. Na ningependa kampuni za upepo zinazojenga kwenye mahindi zichangie hati hizo.”

Wote walimgeukia mhandisi. Alifikiri kidogo. “Wekeni kwenye masharti ya kibali, kwa kila kampuni sawasawa. Tukiombwa kwa hiari, mwenye huruma atashindwa na mwenye bei ya chini. Ikiwa sharti, tutalipa wote.”

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesimama mlangoni. Upepo ulikuwa umepungua, ukageuka kutoka kusini kwenda kusini magharibi, na miti ilikuwa imetulia. Alichukua mitungi ya mafuta yenye utambi, akampa mama mmoja, wakili mmoja, kisha akasita mbele ya binti.

“Umewahi kuchoma mbuga?”

“Sijawahi, mzee.”

“Tembea nyuma yangu. Usiupe moto mgongo, na usisimame upande upepo unakoelekea.”

Wakashuka kwenye ukingo wa malisho, wanne kwa mstari, wakiacha nyuma yao uzi wa moto mwembamba. Miche ya mierezi iliyofika magotini ilishika moto kwanza, ikapasuka kwa mlio. Upande wa pili wa kilima, kwenye uwanja wa nyasi fupi ambako asubuhi kulikuwa na ngoma, majivu yalianza kutua.